ME2 ni ngapi kwa mia tano? Wanachosoma watoto wetu kabla ya sekondari ya juu

Saa tatu usiku dada yangu alinitumia picha ya ripoti ya bintiye, Mueni, aliye Gredi ya 9 katika shule moja ya umma huku Umoja, Nairobi. Chini ya picha aliandika swali moja tu: "Sasa hii ni ngapi?"

Nilielewa alichokuwa akitafuta. Dada yangu alifanya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, nami pia, na kila mtu wa rika letu anajua alama zake hadi leo kama anavyojua nambari ya kitambulisho. Masomo matano, kila moja mia, jumla mia tano. Ukipata mia nne mtaa mzima unakuja kukupongeza, ukipata mia mbili unapelekwa kwa mjomba kijijini ukafikirie maisha. Ripoti ya Mueni haikuwa na jumla ya namna hiyo. Ilikuwa na viwango vya herufi, EE2, ME1 na ME2, na pembeni maneno ya mwalimu kuhusu "umilisi", yaani uwezo wa mtoto kutumia alichosoma. Mama mtu akaisoma mara tatu, kisha akampa simu jirani naye asome.

Tuanze na kinachojulikana. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) ulioanza 1985 unavuta pumzi za mwisho. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na wanafunzi wa mwisho wa mfumo huo watafanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2027. Nafasi yake imechukuliwa na ule tuliouzoea kwa jina la CBC, mtaala wa umilisi, ambao sasa serikali inauita CBE, elimu ya umilisi: miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari ya juu, kisha chuo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 7 Januari 2023, likafanya mtihani wake mwishoni mwa 2025, na Januari 2026 likaingia Gredi ya 10. Watoto hao ndio waliopasua njia, na ukizungumza na wazazi wao utaambiwa ilikuwa na miiba.

Jambo la kwanza linalowachanganya watu ni mahali. Neno "sekondari" linakufanya umwone mtoto amebeba sanduku la bati anaelekea bweni. La hasha. Gredi ya 7, 8 na 9 ziko katika viwanja vya shule za msingi, geti lile lile, kengele ile ile. Uamuzi huo ulitolewa Desemba 2022, wiki chache kabla ya madarasa kufunguliwa. Hoja iliyowagusa wazazi wengi ilikuwa ya wazi, kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili bado ni mdogo kutengana na nyumbani. Kwa mzazi wa Eastlands uamuzi huo ulikuwa nafuu, kwa sababu hakukuwa na karo ya bweni wala ununuzi wa godoro. Lakini shule ya msingi haikujengwa na maabara. Serikali hutenga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa ngazi hii kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ndiyo inayotarajiwa kuifanya sayansi iwezekane. Katika shule ya Mueni maabara ni meza moja nyuma ya darasa, ndoo mbili na kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake una mwalimu mmoja.

La pili ni majina ya masomo. Mwanzoni yalikuwa mengi kupita kiasi, kumi na mawili ya lazima pamoja na ya kuchagua juu yake, na mabegi ya watoto yakawa kama ya wapagazi. Kamati iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu, iliyoteuliwa na rais 2022, ikapendekeza yaunganishwe. Tangu 2024 ni tisa: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Masomo ya Awali ya Kiufundi, Kilimo na Lishe, na Sanaa Bunifu na Michezo. Biashara na kompyuta hazikufutwa, zilimezwa na lile la kiufundi. Sayansi kimu ipo ndani ya kilimo. Muziki, uchoraji na kandanda vinalala kitanda kimoja.

Orodha haikuambii mengi, kwa hiyo nikaenda kuketi na Mueni Jumamosi moja.

Nilimkuta jikoni na chupa nne za maji zilizokatwa shingo. Mada ilikuwa ugumu wa maji. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji ya bomba ya kaunti, ya pili ya mvua, ya tatu ya kisima cha ploti ambayo kila mpangaji anayalaani kwa ladha yake ya chumvi. Ya nne aliletewa na babake rafiki yake, dereva wa basi la Mombasa, kutoka kisima kimoja cha Kisauni. Katika kila chupa alitia tone moja la maji ya sabuni, akatikisa kwa kuhesabu hadi kumi, akatazama kama povu limekaa, akaongeza tone jingine. Alikuwa ameshaandika utabiri wake: maji ya mvua yatahitaji sabuni kidogo kuliko yote, ya kisima cha ploti sabuni nyingi kuliko yote.

Ya mvua alipatia. Ya ploti yalimwaibisha. Yalitoa povu karibu sawa na ya bomba, matone mawili tu zaidi, ilhali ya Kisauni yalikunywa sabuni hadi mkono ukamchoka na kubakiza utando mweupe juu. Akaniuliza kama chupa zilibadilishwa. Nilimwambia arudie. Akarudia, ikawa vile vile.

Jumatatu mwalimu akamfumbulia. Chumvi inayosikika mdomoni si lazima iwe ndiyo inayokataa sabuni. Ugumu huletwa na kalisiamu na magnesiamu, na visima vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe yaliyojaa kalisiamu. Ladha ya chumvi hutokana na sodiamu, na sodiamu haigombani na sabuni namna hiyo. Maji ya ploti yana chumvi na bado ni laini. Mimi nilisoma ugumu wa maji katika kidato, nikaukariri kwa mistari minne na kupata alama zangu. Sikuwahi kushuku kwamba majirani wote wa ploti wanachanganya vitu viwili, na mimi ni mmoja wao.

Nimelikawia hili la maji kwa sababu ndilo jibu la swali ambalo wazazi wanauliza kila mkutano: hawa watoto wanasoma nini hasa? Ukifungua kitabu cha Sayansi Jumuishi cha Gredi ya 9 utakuta muundo wa atomu, metali na aloi, uzazi wa mimea, mawimbi, vioo vilivyopinda. Ni mambo yale yale ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba mtoto anatakiwa atabiri, ajaribu, akosee na aandike alichokosea. Alama haipotei kwa sababu utabiri ulikuwa mbaya. Mueni aliandika: "Nilidhani maji ya chumvi ni magumu." Karatasi hiyo imehifadhiwa kwenye faili lake na ina alama nzuri.

Hisabati ndiyo inayowashtua walimu wa zamani. Matriksi tuliyokutana nayo kidato cha tatu iko Gredi ya 9. Ukokotoaji wa kasi ya kazi, wale mafundi wanane wanaopaka rangi ukuta kwa siku sita, nao ulikuwa wa kidato cha tatu, sasa ni wa Gredi ya 9. Kuna logarithimu, trigonometria, uwezekano. Anayesema mtaala huu ni wa kuchora na kushona tu hajafungua kitabu hicho. Mimi nadhani kwa Hisabati waliongeza uzito bila kuongeza muda, na mtoto asiyeshika hesabu za desimali vizuri Gredi ya 6 anafika hapo akiwa amechoka tayari.

Ila kuna mada moja ambayo ningependa ifundishwe hata barazani. Inaitwa fedha: riba, kupanda na kushuka kwa thamani, na kununua kwa mafungu. Mwalimu aliwapa swali la simu. Bei taslimu ni shilingi 12,000. Ukiichukua kwa kulipa polepole, unatanguliza 2,500, kisha unalipa 60 kila siku kwa siku 365. Mueni alizidisha mezani mama yake akiwa anakata sukuma wiki. Sitini mara 365 ni 21,900, ongeza 2,500, jumla 24,400. Zaidi ya mara mbili. Kisu kikasimama. Dada yangu ana simu ya namna hiyo, bado miezi mitano amalize. "Na mwalimu wenu amewaambia mtu asiye na elfu kumi na mbili afanye nini?" Mueni akasema hilo halikuwa kwenye swali.

Masomo ya Awali ya Kiufundi ni somo ambalo wazazi hulitamka kwa mashaka. Ndani yake mna usalama wa kufanya kazi juu ya ngazi na majukwaa, namna ya kushika kemikali hatari, aina za mbao, vifaa vya kushikia kama jiliwa na koleo, michoro ya kiufundi, kupanga programu za kompyuta kwa kusogeza vipande kwenye skrini, na kuandika mpango wa biashara. Shule isiyo na kompyuta za kutosha hupanga programu ubaoni kwa chaki, jambo ambalo ni sawa na kufundisha kuogelea kwa picha. Lakini kwa mbao, Nairobi ni maabara tosha. Darasa la Mueni lilipelekwa kwa mafundi wa samani walio kando ya barabara, na fundi aliwaonyesha tofauti ya saiprasi na mahogani kwa kunusa tu. Mtoto mmoja, ambaye kwenye ripoti zake hana EE hata moja, aliombwa arudi wikendi kushika randa. Sijui ripoti itaandika vipi kitu kama hicho.

Mengine nitayapita. Kilimo na Lishe kina uhifadhi wa mazao, kikaushio cha jua cha kujitengenezea, bustani ya kikaboni, na mapishi ya unga, ambayo yanawaletea wenye nyumba maandazi yenye maumbo ya kila aina. Kiswahili kimeendelea na kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi, pamoja na ushairi na novela. Masomo ya Jamii yana historia, ramani na katiba, na ndani yake kuna mada ya kuchagua mkondo wa masomo. Hapa ndipo penye mzizi wa miaka hii mitatu, na tutaurudia sasa hivi. Kuhusu Sanaa Bunifu na Michezo niseme tu kwamba bajeti ya manila, gundi na kuchapisha rangi saiba imewapa wazazi wa mtaa huu mada ya mazungumzo ya kudumu.

Turudi kwenye swali la dada yangu. ME2 ni ngapi?

Kila somo lina viwango vinne, na kila kiwango kimegawanywa mara mbili. EE ni aliyezidi matarajio: EE1 ni alama 90 hadi 100, EE2 ni 75 hadi 89. ME ni aliyefikia matarajio: ME1 ni 58 hadi 74, ME2 ni 41 hadi 57. AE anakaribia: 31 hadi 40, kisha 21 hadi 30. BE yuko chini: 11 hadi 20, kisha 1 hadi 10. Kila ngazi ina pointi, kuanzia 8 kwa EE1 hadi 1 kwa BE2. Masomo tisa mara pointi nane ni 72, na hiyo 72 ndiyo jumla mpya ambayo wazazi wamekwisha kuikamata kama walivyoikamata 500. Nilipomwambia dada yangu kwamba ME2 inaanzia 41, alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo arubaini na moja ni kufikia matarajio? Ya nani?"

Swali zuri. Sina budi kusema kwamba ngazi ya ME2 ni pana na ya huruma, na mzazi asiyeuliza alama halisi anaweza kulala usingizi wa pono hadi Gredi ya 9 iishe. Muulize mwalimu.

Jambo ambalo watu hulikosa kabisa ni kwamba mtihani wa mwisho, KJSEA, si mzigo wote. Unabeba asilimia 60. Asilimia 20 inatoka KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6. Asilimia 20 nyingine inatoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Maana yake, mtoto anapoingia Gredi ya 9 sehemu ya mavuno tayari iko ghalani, iwe nzuri au mbovu. Ule mtindo wetu wa kulala miaka saba na kukesha mwaka wa nane haufanyi kazi tena. Wengine wanalalamika kwamba tathmini za shuleni zinaweza kupambwa na walimu wenye huruma. Inawezekana. Lakini bila hizo, majaribio kama yale ya chupa nne ambayo mtoto huyafanya Gredi ya 7 na 8 yasingehesabika popote.

Sasa mikondo. Sekondari ya juu ina mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao kila mtu anauita STEM, sayansi ya jamii, wenye lugha, historia, jiografia na biashara, na sanaa pamoja na sayansi ya michezo. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Matatu anachagua kulingana na mkondo wake. Wa STEM anaweza kubeba Biolojia, Kemia na Fizikia. Wa sayansi ya jamii anaweza kuchukua Fasihi ya Kiswahili, jambo linalonifurahisha mimi binafsi. Wa sanaa ana muziki, sanaa za maonyesho, uchoraji au michezo.

Hisabati ina kisa chake. Kwenye mpango wa awali haikuwa ya lazima kwa wote, wazazi na walimu wakapiga kelele, na 2025 wizara ikairudisha kwa sura mbili: Hisabati kamili kwa wa STEM, na Hisabati ya kimsingi kwa wa mikondo mingine. Hapa ndipo ninapomshika mzazi mkono. Mtoto anayekimbia Hisabati kamili akiwa na miaka kumi na mitano anaufunga mlango wa uhandisi kwa mkono wake mwenyewe, na kuufungua baadaye si kazi ndogo. Kwa upande mwingine, kumsukuma STEM mtoto ambaye moyo wake uko kwenye jukwaa, kwa sababu tu "sayansi ndiyo kazi", ni kumpeleka akawe wa mwisho katika darasa la watu wengine. Mkondo haupimi akili.

Tena, mkondo haukai hewani. Si kila shule ina mikondo yote mitatu. Nyingi zina miwili, na wa sanaa na michezo ndio haba. Shule zenyewe zimepangwa upya kwa herufi na nambari: zilizokuwa za kitaifa ni C1, kisha C2, C3, hadi C4 zilizokuwa za kaunti ndogo. Wazazi bado wanataja Alliance, Kenya High, Starehe kama tulivyozitaja sisi, na si vibaya. Ila swali la kwanza limebadilika. Zamani uliuliza shule gani, na masomo ungechagua ukiwa ndani. Sasa unauliza masomo gani, ndipo shule gani inayafundisha.

Kundi la kwanza lilijaza uchaguzi huo Juni 2025, miezi kadhaa kabla ya kukalia mtihani. Shule kumi na mbili: nne kwa mchanganyiko wa kwanza wa masomo, nne kwa wa pili, nne kwa wa tatu. Kati ya hizo, tisa za bweni na tatu za kutwa. Yaani mtoto wa miaka kumi na mitano, kabla hajajua alama zake, anatakiwa ajijue kiasi cha kutaja michanganyiko mitatu ya masomo na kuipanga kwa mapenzi. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo la kumi, na halina kitabu wala mwalimu wa zamu. Ndilo miaka yote mitatu inaloandaa, kupitia chupa, ngazi, randa na maandazi: mtoto aone anapofurahi, aone anapoboronga, apate ushahidi wa yote mawili.

Nilipoondoka Jumamosi ile Mueni alikuwa amegeuza kalenda ya mwaka jana na kuandika nyuma yake nambari moja hadi kumi na mbili kwa penseli. Nne za kwanza ziliandikwa Kemia, Biolojia, Kilimo. Nne za pili, Fizikia imeingia, Kilimo kimetoka. Nne za mwisho zilikuwa tupu. Mama yake akamwambia ajaze Biashara, angalau ajue bei ya simu. Mueni akacheka, akasema hesabu ile ilikuwa ya Hisabati, kisha akaandika Biashara kwa herufi ndogo sana, na kifutio akakiacha pale pale juu ya karatasi.